Discovery 2 Td5: breki inazama na taa tatu zinawaka. Nishuke Mombo au nisishuke?

Baba Miche (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Wakuu, heshima kwenu. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa magari, ni mtu wa miche. Nina kitalu cha parachichi ndani ndani huku Lukozi, juu ya Lushoto, na kila Jumatano na Jumamosi nashusha mzigo Mombo. Wateja wakiwa wengi nafika hadi Korogwe. Gari ni Land Rover Discovery 2 ya mwaka 2002, injini Td5 ya dizeli, gia za mkono. Nililinunua miaka minne iliyopita kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Dashibodi inasema kilomita 268,000, na mimi nadhani dashibodi yenyewe ina aibu kidogo.

Nina matatizo mawili, na nawaomba myaache yawe mawili, maana mafundi watatu wa huku wameyachanganya mpaka nikachanganyikiwa mimi.

La kwanza ni breki. Asubuhi nikitoka nyumbani pedeli iko juu, ngumu, safi kabisa. Nikishapiga kile kipande cha mashimo cha kutoka kitaluni, nikikanyaga mara ya kwanza pedeli inazama zaidi ya nusu kabla gari halijashika. Roho inaruka. Naachia, nakanyaga tena papo hapo, inakutana na mguu juu kama ya asubuhi. Nikiwa kwenye lami iliyonyooka inatulia. Zikija kona, inarudia mchezo wake.

La pili ni taa. Tatu za njano zinawaka kwa pamoja: ABS (ya kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), TC (ya kuzuia gurudumu lisizunguke bure) na ile ya HDC ya kushukia mlima. Nikizima gari na kuwasha tena, nikitembea kidogo zinazimika, halafu mbele ya safari zinarudi. Mke wangu ndiye aliyegundua. Jumamosi iliyopita alikuwa pembeni yangu na trei la miche mapajani, akaniambia, "Baba Neema, mbona hizi taa zinawaka tukikata kulia tu?" Nikamwambia taa hazijui kulia wala kushoto. Tukafika Soni, pale kwenye maporomoko, tukakata kulia, zikawaka. Akanyamaza kwa namna yake.

Nilivyokwisha kufanya:

Pedi mpya, mbele na nyuma. Hakuna tofauti.

Kutoa upepo mara tatu, kwa mafundi wawili. Mara ya tatu haukutoka hata mpovu mmoja, lakini fundi alinitoza.

Masta silinda mpya (ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedeli), laki mbili na themanini. Hakuna tofauti.

Fundi wa tatu alichomoa fyuzi ya ABS "ili taa zisikusumbue". Sasa zinawaka muda wote, na ile nyekundu ya breki imejiunga nazo. Nilipomrudia akaniambia anayo gundi nyeusi ya kubandika juu yake.

Oili ya breki haipungui. Hakuna panapovuja, nimelala chini na tochi gurudumu kwa gurudumu. Gari halivuti upande. Kuna kamlio ka "vuuu" nikifika spidi ya 60 au 70, ila hako nakajua, ni haya matairi ya matope.

Jumatano nina miche 600 ya mtu ambaye ameshalipa nusu. Nishuke?

Kijana wa Kange (Jumapili, saa 3:15 usiku)

Kaka, usipoteze muda. Oili ya breki imechemka. Kutoka Lushoto hadi Mombo unateremka kama kilomita nzima kwenda chini ndani ya safari ya kilomita 30 na ushee, na nyie wa huko juu mnateremka na mguu kwenye breki kama mnakanyaga cherehani. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewani. Oili ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka mpaka 155. DOT 3 ni 205 ikiwa mpya, 140 ikishachoka. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana pedeli inazama. Ikipoa inarudi, ndiyo maana asubuhi iko sawa.

Mwaga yote, weka DOT 4 ya kopo lisilofunguliwa, na ushuke na gia ya pili. Kesi imekwisha.

Baba Miche (Jumapili, saa 3:32 usiku)

Asante kaka, umenieleza vizuri na la cherehani nimelipokea. Ila nieleze na hili: inazama hata kabla sijaanza kuteremka. Kile kipande cha kutoka kitaluni ni tambarare, kilomita mbili, natembea mwendo wa mtu anayetoka msibani. Breki naikanyaga mara moja tu, pale pa kuingilia barabarani, na ndipo inapozama. Nimeshuka nikagusa diski, ni za baridi.

Kijana wa Kange (Jumapili, saa 3:40 usiku)

Hapo umeniweza.

Mkulima Nanyuki (Jumapili, saa 4:05 usiku)

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Niko na gari kama hiyo, ya 2003, na hizo taa tatu tulizoeana mpaka nikafikiria kuzipatia majina. Yangu shida ilikuwa ndani ya ile pampu ya ABS iliyo karibu na masta silinda. Kuna viswichi viwili vidogo ndani yake ambavyo huambia kompyuta kwamba umekanyaga breki. Vikichakaa, kompyuta inachanganyikiwa na inazima kila kitu. Nilifungua, nikabadilisha, taa zikazima.

Lakini sikiza: breki yangu haikuwa laini kabla ya hiyo kazi. Ilikuwa laini BAADA, kwa sababu niliingiza hewa ndani ya pampu na kutoa hewa kwa njia ya kawaida hakukutosha. Sikuwa na mashine, kwa hivyo niliingia kwenye murram tupu, hakuna mtu wala ng'ombe, nikakanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa mpaka ABS ifanye kazi yake ya kutetemeka, kisha nikarudi kutoa hewa upya. Ikakuwa sawa.

Hizi mashine za bei rahisi za kuchomeka chini ya usukani hazisomi upande wa breki wa hii gari. Zitakuambia hakuna makosa. Inatakiwa mashine ya Land Rover yenyewe ama kitu kama Nanocom. Kama fundi wako wa ABS ameleta ile ndogo ya bluetooth, mpe chai umrudishe nyumbani.

Baba Miche (Jumapili, saa 4:20 usiku)

Aliileta hiyo hiyo, na chai alikunywa. Ikasema gari halina kosa lolote, akanipongeza.

Fundi Mstaafu Ngamiani (Jumatatu, saa 11:50 alfajiri)

Mwanangu Baba Miche, shikamoo ya asubuhi sikudai, ila nakuomba usishuke kwanza. Nimefanya kazi hizi Tanga hapa miaka 38, nyingi chini ya Land Rover, na mgongo wangu ni shahidi.

Nimesoma maelezo yako mara mbili. Umeeleza vizuri kuliko mafundi wako, isipokuwa sehemu moja: ulipotuomba tuyaache yawe mawili.

Tuanze na namna pedeli inavyozama, kwa sababu pedeli ina lugha yake na haisemi kitu kimoja kila siku.

Ukikanyaga na kushikilia, gari limesimama, na pedeli ikawa inashuka polepole chini ya mguu wako kama mtu anayesinzia, hiyo ni masta silinda inayopitisha ndani, au kuna panapovuja. Yako haifanyi hivyo, ungekwisha kutuambia. Kwa hiyo masta silinda yako ya zamani ilikuwa nzima. Pole.

Ikiwa na upepo ndani, inakuwa kama unakanyaga godoro. Ukipampu inapanda kidogo, lakini godoro linabaki godoro. Na upepo haulali nyumbani: ungekuwa nao saa 12 asubuhi kama ulivyo nao saa 4.

Busta (kile kinachousaidia mguu wako nguvu) ikifa, au vakyumu ya kuiendesha ikikosekana (kwenye Td5 pampu yake iko mgongoni mwa altaneta), pedeli inakuwa NGUMU, si laini. Nataja hili kwa sababu najua fundi wa nne atakuuzia busta.

Sasa pedeli iliyo nzuri asubuhi, ikazama mara moja baada ya mashimo au kona, na ikarudi juu yote kwenye pigo la pili, hiyo inasema kitu kimoja: njiani kuna kilichozirudisha pistoni ndani ya kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski. Pedi zimesukumwa zikakaa mbali na diski. Pigo la kwanza linatumika kuzirudisha, pigo la pili ndilo breki. Na kinachozisukuma ni diski yenyewe, ikiyumba. Diski haiyumbi peke yake. Imefungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na habu imebebwa na beringi.

Tuje kwenye taa. Ndani ya habu ya gari lako kuna duara lenye meno, na sensa ya sumaku imekaa mbele yake, karibu sana bila kugusana. Meno yakipita, sensa inatoa umeme mdogo, na kompyuta inahesabu. Beringi ikilegea, duara linasogea mbali na sensa. Mawimbi yanapotea kwa muda mfupi. Kompyuta inaona gurudumu moja limekufa ghafla huku mengine matatu yanakimbia, nayo haitaki kukisia: inazima ABS, inazima TC, inazima HDC, kwa sababu zote tatu zinakula kwenye sahani moja. Ukizima na kuwasha, inajaribu tena, inaona mawimbi yapo, inakusamehe. Mpaka kona inayofuata.

Ukikata kulia, gari linalalia kushoto. Mama Neema amekwambia ni gurudumu la upande gani, wewe ukamwambia taa hazijui kulia wala kushoto.

Na hiyo "vuuu" ya matairi ya matope nina mashaka nayo. Ukiwa kwenye lami, spidi ile ile inapolia, yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Mlio wa tairi haubadiliki sana. Mlio wa beringi unakua mzigo ukiilalia na unapungua ukiondoka.

Kabla ya yote rudisha hiyo fyuzi. Ile taa nyekundu haikuwaka kwa ajili ya mapambo: kompyuta hiyo hiyo ndiyo inayopunguza nguvu ya breki za nyuma, na bila hiyo, ukikanyaga kwa ghafla kwenye mvua, matairi ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya ya mbele. Kwenye kona za Soni sitaki hata kuiwaza.

Kisha fanya hivi. Paki mahali tambarare, weka magogo kwenye magurudumu, mbele na nyuma. Nasisitiza magogo, kwa sababu handibreki ya Discovery haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka mzunguko kwenye ekseli ya nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, lile lililo hewani linazunguka kinyume, lililo chini linazunguka mbele, na gari linaondoka na handibreki yake imevutwa juu. Nimeona watu wakiumia.

Anza mbele kushoto. Nyanyua, weka stendi. Shika tairi juu na chini, vuta juu sukuma chini, kisha badilisha. Ukisikia kuchezacheza, usikimbilie kununua. Mtu akanyage breki na ashikilie, wewe tikisa tena. Mchezo ukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imeifunga diski isiyumbe. Mchezo ukibaki, ni boljointi za kwenye ekseli, na hiyo ni hadithi nyingine.

Ukimaliza kushoto fanya na kulia, ili mkono wako ujue uzima ukoje. Niletee majibu.

Mkulima Nanyuki (Jumatatu, saa 1:30 asubuhi)

Mzee, shikamoo. Nimesoma hii nikiwa na chai na sasa nataka kwenda kutikisa yangu.

Baba Miche (Jumatatu, saa 12:10 jioni)

Shikamoo mzee. Nimefanya kama ulivyosema, na nimefanya kwa mpangilio kwa sababu nilihisi unaniangalia.

Fyuzi nimerudisha. Ile nyekundu imezimika, zile tatu za njano zikazimika nilipotembea kama mita 50.

Magogo nimeweka manne. Nimeanza kulia kwanza, nisamehe, kwa sababu nilitaka kujua uzima ukoje kabla ya ugonjwa. Kulia: nimeshika juu na chini, nimetikisa mpaka jasho, gari zima linatikisika lakini tairi halichezi. Kama limechomelewa.

Nikahamia kushoto. Mzee, sikuhitaji nguvu. Lilikuwa linasema "ko, ko, ko". Nilimwita Neema (ana miaka 13, miguu inafika), akakaa kwenye usukani, nikamwambia kanyaga ushikilie. "Ko" ikapotea. Nikamwambia achia. Ikarudi. Tumerudia mara sita hivi, nyingine hazikuwa za lazima, ni furaha tu. Mama Neema alikuwa mlangoni anapepeta mchele na hakusema neno.

Nimezungusha tairi kwa mkono huku nimeshika springi kwa mkono mwingine. Kulia springi imetulia. Kushoto inakuja na mtetemo wa mchanga mchanga kwenye kiganja.

Jirani yangu anatengeneza redio, akaja na mita yake. Tukafuata waya wa sensa kutoka gurudumuni mpaka kwenye soketi, tukachomoa. Kushoto omu 1,010, kulia 1,030. Kwa hiyo sensa yenyewe haijakatika, siyo? Tulipoweka mita kwenye umeme wa AC na kuzungusha tairi kwa mkono, kulia namba zinapanda na kushuka vizuri. Kushoto zinapanda, halafu nikivuta tairi juu kwa nje huku linazunguka zinaanguka karibu na sifuri. Jirani akasema, "Hii si sensa mbovu, hii ni sensa inayokimbiwa."

Swali: naweza kununua beringi peke yake nikaacha habu? Maana laki mbili na themanini za masta silinda bado zinaniuma.

Fundi Mstaafu Ngamiani (Jumatatu, saa 1:00 usiku)

Marahaba. Jirani yako mpe salamu zangu, kama redio hazilipi aje Ngamiani. Omu elfu moja kuzungukia hapo ndiyo afya yake. Kipimo cha pili ndicho kilichomaliza ubishi.

Beringi peke yake hapana. Kwenye gari hili habu, beringi na duara la meno ni kitu kimoja kilichofungwa kiwandani. Kuna watu watakwambia wanaweza kuipasua na kubana tena kwa presi. Wanaweza, na utarudi kwao baada ya mwezi. Nunua habu nzima, yenye sensa na waya wake.

Na Jumatano usishuke na hiyo. Habu ikizidi kulegea haiishii kuwasha taa.

Mama Spea Barabara ya 12 (Jumatatu, saa 1:45 usiku)

Mimi nauza spea Tanga na sitaki kuonekana nimekuja kuvizia mteja, kwa hiyo nasema tu yale ninayomwambia kila anayesimama kaunta.

Habu za gari hili utazikuta za aina tatu. Ya boksi la Land Rover, ambayo bei yake utaomba kiti. Ya Timken, ambao ndio waliokuwa wanatengeneza za kiwandani, na hiyo ndiyo namshauri mtu anayeshuka milima. Na ile ya boksi jeupe lisilo na jina, robo ya bei, yenye sensa ambayo waya wake ni mgumu kama msumari. Ya tatu inarudi kaunta kabla risiti haijafifia, na nimeacha kuiuza kwa sababu wanaorudi wanarudi na maneno.

Ukipewa, fanya mambo mawili hapo hapo dukani. Izungushe kwa kidole uisikilize. Kisha angalia soketi ya mwisho wa waya na ulinganishe na ya kwako, kwa maana ya mbele na ya nyuma hazifanani na kijana wa stoo anaweza kukuchanganyia. Uje na picha ya simu.

Baba Miche (Jumatano, saa 4:10 usiku)

Wakuu, nimerudi. Jumatano ya miche imepita na mimi sikushuka na Discovery. Nilikodi Canter ya jirani, faida yote ikaenda kwenye Canter, lakini mteja amepata miche yake 600 na hajui nilichopitia. Nilirudi na habu mapajani, ile ya Timken, nimeibeba kama mtoto kutoka Tanga.

Kazi imefanyika leo mchana, na fundi wa pili kati ya wale watatu, yule aliyetoa upepo bila upepo kutoka. Nilimchagua kwa sababu alikubali kusoma maneno ya mzee kwenye simu yangu bila kununa.

Kalipa imetoka kirahisi, tukaining'iniza kwa waya isivute mpira wa breki. Diski imetoka. Nati kubwa ya katikati ilikuwa imefinywa, ikafinyuliwa kwa patasi. Boliti nne za nyuma zilitoka, lakini habu yenyewe ilikuwa imeshikana na kutu mahali pake kama imezaliwa pale. Saa moja na nusu ya nyundo na oili ya kupenya, na maneno ambayo Neema hakupaswa kuyasikia. Ilipotoka, fundi aliishika mkononi akaizungusha. Ilikuwa inasaga kama kinu, na ukiivuta inacheza hata bila gari.

Mzee, kulikuwa na jambo moja la kukaza. Kitabu kinasema nati ile ya katikati ni 490 Nm. Huku hakuna spana ya kupimia kiasi hicho. Fundi alitaka kukaza "mpaka mkono uridhike". Nikampigia jirani wa redio, akachukua kalamu: mtu wa kilo 70 akisimama kwa uzito wake wote kwenye bomba, sentimita 71 kutoka katikati ya nati, ndiyo 490. Tukapima bomba kwa rula ya Neema ya shule, tukachora alama kwa chaki. Mimi nina kilo 82, kwa hiyo tukamtafuta mtu wa kilo 70. Amepatikana, ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, amepanda juu ya bomba akiwa na tai yake. Nati ikasogea, ikasimama, tukaifinya.

Tumetoa upepo kidogo kwa tahadhari, haukuwepo. Oili yote nimebadilisha kwa DOT 4 ya kopo jipya, hiyo ni kwa heshima ya kijana wa Kange, maana ya zamani ilikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Jioni nikaenda kujaribu. Kipande cha mashimo cha kitaluni, kwenda na kurudi mara tatu. Pigo la kwanza, juu. Nimekanyaga mpaka mguu ukachoka, pigo la kwanza juu. Kisha tukashuka Soni, gia ya pili, mimi na Mama Neema. Kona ya kulia pale maporomoko, taa kimya. Nikageuka nikaipita tena. Kimya. "Vuuu" nayo imekwenda, na matairi ni yale yale ya matope.

Tulipokuwa tunapanda kurudi, Mama Neema akauliza kama taa sasa zimejifunza kulia na kushoto. Sikuwa na jibu.

Kijana wa Kange (Jumatano, saa 4:22 usiku)

Mwalimu mwenye tai juu ya bomba! Kaka, picha iko wapi?

Fundi Mstaafu Ngamiani (Alhamisi, saa 11:40 alfajiri)

Vizuri mwanangu. Hesabu ya bomba ni sawa, ila kilo 70 zisimame, zisirukeruke. Baada ya kilomita 500 nyanyua tena utikise, kushoto na kulia. Ya kulia ina umri ule ule na imepita mashimo yale yale. Ikianza utaisikia mapema, sasa unajua lugha yake: kwa habu ya kulia ni taa kwenye kona za kushoto.

Ile habu mbovu usiitupe. Mpe fundi wako aitundike ukutani, siku mtu akija na breki laini na taa tatu, amwonyeshe kabla ya kumuuzia masta silinda.

Mkulima Nanyuki (Alhamisi, saa 2:15 asubuhi)

Nimetikisa yangu. Nyuma kulia inacheza. Asanteni, nadhani.

Baba Miche (Alhamisi, saa 2:50 asubuhi)

Pole mkuu. Magogo usisahau, na hasa hiyo ya nyuma.

Habu tayari iko ukutani gerejini. Kwa mwingine yeyote anayepita hapa: nina masta silinda ya zamani ya Discovery 2, nzima, haina kosa, imethibitishwa na mzee. Bei tutaelewana.